Watoto Arobaini na Mikate ya Mdalasini

Jumatatu, 14 Agosti

Siku mbili kabla ya kufungua shule. Nimehesabu fomu za watoto mara nne, nikitumaini zitazaliana zenyewe. Thelathini na nane. Bodi ilishaamua tangu Julai: siku ya kuhesabu, Ijumaa tarehe 25, tukipungua arobaini, mwakani tunaunganishwa na shule ya Brandt, mji wa jirani. Shule ya Zelenka, aliyosoma bibi yangu, itatiwa kufuli.

Mimi ndiye mkurugenzi wa wilaya hii ya shule. Wilaya yenyewe ni jengo moja, mabasi mawili na uwanja. Nafundisha historia pia, na basi la mashariki naliendesha mwenyewe. Nyumba ninayolala ni ya shule. Shule ikifa, sijui nitapeleka wapi godoro langu.

Brandt iko maili kumi na nne tu. Mkurugenzi wao ni Bi. Gayle Tiedtke. Wana ubao mpya wa umeme wa kuonyesha mabao. Kila tukikutana mikutanoni Gayle hunipigapiga bega taratibu, kama anayeniaga hospitalini. Namwogopa yule mama.

Habari moja njema. Familia ya Lindgren imenunua shamba la zamani la kina Dvorak, mpakani kabisa kati yetu na Brandt. Watoto wanne! Sheria inawaruhusu kuchagua shule. Merle Hruska, mwenyekiti wa bodi, kaninong'oneza kwenye kituo cha mafuta kwamba Gayle ameshawapelekea jamu. Kesho nami naenda.

Jumanne, 15 Agosti

Nimekwenda kwa kina Lindgren. Gari lina namba za Colorado. Uani kuna sukuma wiki, mistari sita. Hapa kwetu Nebraska hakuna apandaye sukuma wiki ila awe na sungura. Nikajua nimekutana na watu wa namna gani: wala majani kwa ajili ya afya.

Mama wa nyumba, Bi. Annika, akanikaribisha vizuri. Akauliza watoto wa Zelenka wanakula nini mchana. Nikatazama sukuma wiki. Nikasikia mdomo wangu ukisema tunakula majani. Akauliza, majani tu? Nikasema majani tu, sukari hatuinusi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Aa. Haya.” Akatia saini fomu zote nne. Ushindi!

Kuna tatizo dogo. Chakula cha siku ya kufungua, tangu dunia iumbwe, ni maharagwe ya nyama yenye pilipili pamoja na mikate ya mdalasini. Unachovya mkate mtamu kwenye mchuzi mkali. Anayeshangaa hakuzaliwa huku. Wazee wa mji mzima huja kula. Mpishi wetu, Lavonne Sedlak, anaikanda mikate hiyo mwaka wa ishirini na sita sasa.

Nimemkuta saa tisa alasiri, unga umeshaumuka mabeseni matatu. Sikuingia. Nilisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, nikamwambia kesho ni saladi. Akaniomba nirudie. Nikarudia haraka haraka, nikasema lazima nikakague matairi ya basi. Hakujibu neno. Lavonne huzungumza hata na friza.

Jumatano, 16 Agosti

Tumefungua. Watoto arobaini na wawili. Nimewahesabu kwenye ngazi, nikawahesabu tena darasani, nikamwona mmoja amekwenda chooni nikamsubiri nje mpaka akatoka. Arobaini na wawili. Kwa dakika kumi nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha mchana. Mzee Emil Hruska, baba yake Merle, amekuja kama kila mwaka, kavaa ovaroli yake iliyopigwa pasi. Alipopewa sahani aliiangalia muda mrefu. Akaniita mbele ya watu. “Delmar, mwanangu, hii nile au nikaipande?”

Meza zote zikacheka, ila watoto wa darasa la kwanza, ambao walikuwa wanalia. Bi. Annika alikula yake yote kwa adabu. Lavonne aligawa majani bila kuinua macho. Mimi nilijificha nyuma ya mashine ya maziwa.

Alhamisi, 17 Agosti

Lavonne hakuja. Aproni yake nimeikuta mezani kwangu, imekunjwa pembe nne, funguo za jiko juu yake. Hakuna barua. Nimeitazama aproni ile nikahisi inanitazama pia.

Nimepika mwenyewe. Tambi. Sikujua zinavimba kiasi kile. Mtoto mmoja kaniuliza kama ni adhabu na nani kakosa.

Jioni Merle kapiga simu. Gari la Lavonne limeonekana limeegeshwa Brandt, nyuma ya jiko la shule. Gayle! Alikuwa ananivizia kwenye vichaka siku zote. Nimekaa chini palepale ukumbini.

Ijumaa, 18 Agosti

Brandt wametangaza: kila Jumatano, maharagwe ya nyama na mikate ya mdalasini, iliyookwa na Lavonne Sedlak. Jina lake kwa herufi kubwa kuliko la mkurugenzi.

Hadi saa nane mchana nimepokea fomu sita za kuhama. Wazazi wote wanasema samahani. Baba mmoja kasema yeye hana neno, ila mwanawe kagoma kupanda basi. Tumebaki thelathini na sita. Niliandika namba hiyo ubaoni, nikaifuta watoto wasione.

Jumatatu, 21 Agosti

Nina mpango. Nimeendesha hadi mji mkubwa, nimenunua mikate ya mdalasini ya kugandishwa, maboksi sita. Nimeipasha, nimetupa makaratasi yake, nimejipaka unga kwenye nywele na shati. Nikatangaza kwamba nimeoka. Maharagwe nilifungua makopo. Kwa Bi. Annika nilijipangia jibu: ni mikate ya mboga.

Mzee Emil aliuma mara moja tu. Akautoa mkate mdomoni, akauweka chini pole pole kama anayelaza mtoto. Akasema, “Huu umeokwa na mtu asiyejua jina la mtu yeyote hapa.” Akachukua kofia akatoka. Afadhali angenipiga.

Halafu Bi. Annika akatokea mlangoni, kaja kumchukua mtoto kwa daktari wa meno. Akaona mikate. Nikasema mboga. Akachovya kidole kwenye sukari, akanitazama.

Kumbe! Kumbe yeye mwenyewe kakulia Nebraska, kaunti mbili kutoka hapa. Colorado walikwenda kikazi tu. Sukuma wiki ni ya sungura. Aliponiuliza watoto wanakula nini alitaka kusikia kama bado tunaoka ile mikate, maana hasa kwa ajili hiyo alitaka wanawe wasome shule ndogo ya huku, wapate alichopata yeye. Niliposema majani alikaribia kulia, ila kalelewa vizuri, akatia saini. “Sasa naambiwa aliyekuwa anaioka umemfukuza kwa ajili yangu mimi,” akasema. “Kwa ajili yangu, Bwana Delmar. Nikajifiche wapi?” Amenipa hadi Ijumaa. Lavonne asiporudi, watoto wanne wa Lindgren wanamfuata Brandt.

Thelathini na sita toa wanne. Nimekwisha.

Jumanne, 22 Agosti

Leo sikupanga lolote. Niliogopa tu, toka asubuhi hadi kengele ya mwisho. Nilipokwisha kurudisha basi nilipita darasa la kwanza, nikaona picha walizochora ukutani. Wamechora shule. Wameichora kubwa kuliko ilivyo, na moshi unatoka jikoni. Nilizima taa nikabaki nimesimama mle. Nilihuzunika kweli.

Jumatano, 23 Agosti

Nimekwenda kwa Lavonne. Nilizunguka nyumba yake kwa gari mara tano. Mara ya sita alitoka barazani na kisu mkononi. Nikafunga vioo vya gari. Kumbe alikuwa anamenya nyanya za kuhifadhi. Akasema niingie kabla majirani hawajaita polisi.

Nilianza kueleza habari za Colorado, za sukuma wiki, za Gayle. Akanikatiza. Akasema hakuondoka kwa sababu ya saladi. Akiambiwa apike majani atapika majani. “Uliniambia umeshika kitasa, Delmar. Miaka ishirini na sita, na hukuvuta hata kiti. Mbwa anafukuzwa kwa adabu kuliko ile.”

Nilimenya nyanya mbili, vibaya, akaninyang'anya. Nikamwomba msamaha. Nilimaanisha, nakuandikia wewe shajara kwa kuwa wewe huna wa kumwambia. Aliendelea kumenya. Kisha akasema Gayle ni mama mzuri, lakini jiko lake halina dirisha la kuona watoto wakishuka kwenye basi.

Atarudi kwa sharti. Ijumaa, mbele ya meza zote, nisimame niseme nilichofanya. Nami nisitie tena pua jikoni mwake. Nimekubali. Heri nyoka kuliko kusema mbele ya watu.

Ijumaa, 25 Agosti

Saa mbili asubuhi mdalasini ulishapita kwenye matundu ya hewa mpaka darasa la hesabu. Hakuna aliyesoma kitu. Saa nne wazazi wakaanza kuingia na fomu za kurudisha watoto. Mmoja. Wa pili. Wawili kwa pamoja. Wa tano na wa sita hawakuja. Ni mapacha, na ubao wa umeme wa Brandt umewateka. Thelathini na sita na wanne, arobaini kamili. Sikuthubutu kupumua kwa nguvu.

Mchana nikapanda kwenye kiti. Nikasema nilidanganya mgeni, nikamdhalilisha Lavonne Sedlak, nikanunua mikate nikajipaka unga. Mzee Emil akasema, “Unga tuliuona, mwanangu. Shuka tule.” Lavonne aliangalia ukuta, lakini sikio lilikuwa huku, kisha akarudi jikoni.

Merle akaanza kuhesabu, meza kwa meza, na kalamu. Akamaliza. Akasema thelathini na tisa.

Akarudia. Thelathini na tisa. Nikaona kufuli. Nikaona Gayle akinipigapiga bega. Nilishika ukingo wa meza, na Bi. Annika akawa anatazama huku na huku akiuliza Tilda wake yuko wapi. Ndipo mlango wa jiko ukafunguka. Lavonne kamshika mkono Tilda Lindgren, miaka mitano, sukari hadi kwenye nyusi. Alikuwa chini ya meza ya kukandia, akila mkate wa tatu. Lavonne akamsimamisha mbele ya Merle, akasema, “Na huyu mwandike.”

Arobaini. Nimelia kwenye chumba cha mafagio, na nimelia vizuri. Naapa hapa, kwa wino: sitadanganya mzazi tena, na hakuna mfanyakazi nitakayemwambia jambo zito mlangoni.

Jumatatu, 28 Agosti

Merle kasema bodi imefurahi, kwa hiyo mwakani inataka arobaini na watano. Nimezitoa tena fomu nihesabu upya.

Lakini Mungu ni mwema. Familia mpya imehamia karibu na maghala ya nafaka. Watoto watatu! Nimewapitia jioni. Baba mtu ni mpole, haongei sana. Nyuma ya gari lao nimeona mkoba mrefu mweusi, mgumu, wa kubebea fidla bila shaka. Kwenye kioo kuna kibandiko cha chama cha wawindaji, lakini hicho ni cha mwenye gari wa kwanza. Watu wa muziki mzito hawa. Nikamwambia Zelenka tumeachana na ngoma, tunafundisha fidla tu. Akanyamaza kidogo, akasema, “Aa. Haya.” Katia saini zote tatu.

Kuna tatizo dogo. Mwalimu Otis anafundisha bendi yetu ya ngoma mwaka wa kumi na tisa sasa, na Ijumaa bendi inacheza uwanjani. Nitamwambia kesho asubuhi. Sitaingia ndani, atanikalisha. Nitasimama tu mlangoni nimwambie haraka, kisha nikakague matairi.