Githae Aenda Ruiru Kutafuta Tarakimu Moja

Sogeeni, enyi mlionyooka na enyi mlioinama, zimeni simu zenu, mpate kusikia jinsi Githae wa Ngoingwa, Bwana wa Kibodi, Mlinzi wa Misimbo ya Magonjwa, alivyoikabili bima ya afya kwa ajili ya kiuno cha binti mmoja.

Binti huyo ni Nzisa, wa miaka kumi na mitatu. Uti wake wa mgongo umepinda chini, kiunoni, na kwa kuwa bado anakua, daktari aliagiza avae mkanda mgumu kabla mpindo haujazidi. Mkanda ulikuwa tayari pale kliniki ya Thika. Fundi wa kuufunga naye alikuwepo, ila angeondoka saa kumi na moja, asirudi kwa mwezi mzima. Lakini bima, ngome isiyo na mlango, ilikataa kulipa: msimbo wa ugonjwa, ambao Githae huuingiza kwenye kompyuta ya kliniki, ulikosa tarakimu ya mwisho, ile inayotaja sehemu iliyopinda. Daktari Dalmas alikuwa ameandika "mgongo" tu, akaenda zake kwenye kliniki ya pili Ruiru, simu akaizima.

"Anko, si picha ndiyo hii?" Nzisa aliinua eksirei kwenye dirisha la Githae. "Hata kuku ataona ni kiuno."

"Naona, mwanangu. Lakini kazi yangu hainiruhusu kuona. Naandika alichoandika daktari."

"Woi!" akasema Kanini, mamake, aliyeomba ruhusa kiwandani kwa siku hiyo moja. "Basi kamlete huyo mwenye macho!"

Ndipo shujaa alipochukua faili, akapanda farasi wa chuma, bodaboda ya Kiilu, akapasua vumbi la malori na kundi la ng'ombe wasiomjua, hata akafika Gatongora, kule Ruiru. Akamkuta Dalmas hotelini, akiishambulia sahani ya githeri.

"Ewe Daktari," alinguruma Githae, kwa sauti ambayo meza ya pili haikuisikia, "taja mahali!"

"Mahali pa nini?"

"Pa mpindo wa Nzisa."

"Ai, Githae! Umetoka Thika kwa hiyo? Si ungejaza tu?"

"Nikijaza mimi, nimekuwa daktari. Na hapo wewe utakuwa nani?"

Dalmas alitafuna kwanza, akameza, kisha akaandika "sehemu ya kiuno" na kutia sahihi.

Githae aliporudi, fundi alikuwa anafunga mkoba. Shujaa aliketi, akainua kidole cha shahada, akakishusha: sita, tarakimu ya kiuno. Kompyuta ikazunguka, ikasita, ikazunguka tena, huku Kanini akiishikilia meza kwa mikono miwili.

Imekubaliwa.

"Githae ameua!" alipaza sauti Wangechi wa mapokezi. Kanini akapiga vigelegele hata foleni ya wagonjwa wa meno ikasimama. Nzisa akavikwa mkanda.

"Mum, unanibana."

"Wacha ukubane. Ndiyo kazi yake."

Na iandikwe katika kumbukumbu za Thika, Ruiru nao wapewe nakala: kwamba Alhamisi hiyo, kabla ya saa kumi na moja, sita iliingia mahali pake kwa kidole kimoja, nacho kidole kikarudi Ngoingwa salama.