Chumvi ya Mama Haishiki

Jumatatu, 3 Oktoba
Kikopo cha chumvi ya mama kimebaki na vijiko viwili. Nimenusa: majani makavu ya chubritsa, uwatu, pilipili tamu. Machozi! Nikajiona mezani, miguu haifiki chini, mkate wa moto mkononi. Jumapili dada Nedyalka anakuja, mama anatimiza mwaka tangu atutoke. Mkate bila chumvi ile? Haiwezekani. Na mama hakumfundisha mtu. Kila ukimuuliza, alikuwa akisema unachanganya mpaka basi. Haya!

Jumanne, 4 Oktoba
Nimemwendea bibi Zapryana, jirani aliyekuwa akitwanga viungo na mama. Nikajifanya nimekuja kusifia kabeji zake. Akasema we mtoto, kabeji hujawahi hata kuzitazama, toa shida yako. Mtoto! Nina miaka sitini na mbili. Nikaitoa. Akacheka mpaka akakaa. Eti kumwaga vitu bakuli moja si kuchanganya, hata punda anaweza. Kuchanganya ni kutwanga mpaka kila kimoja kimzoee mwenzake. Njoo kesho nikuoneshe, akasema. Mimi, niwe mwanafunzi wake? Thubutu!

Alhamisi, 6 Oktoba
Nimechanganya mwenyewe, bakuli kubwa. Ladha ya nyasi kavu. Ndipo akili ikanijia! Mtindi je? Unatia kijiko cha ule wa zamani, unafunika, asubuhi maziwa yote yamegeuka. Basi nimetia vijiko vyote viwili vya mama, nikafunika kwa blanketi. Zapryana atajiju.

Ijumaa, 7 Oktoba
Haikushika. Nyasi ileile, na ya mama imekwisha. Nimekaa jikoni kama yatima. Ndiyo, yatima hasa.

Jumapili, 9 Oktoba
Nedyalka alichovya mkate, akakohoa, akauliza kama nimekomba jivu la jiko. Zapryana, naye mgeni wetu, akageukia dirisha, mabega yakimcheza kwa kicheko. Nikaeleza yote, pamoja na blanketi. Nilitegemea matusi. Nedyalka akafungua mkoba tu, akatoa kikopo alichopewa na mama. Tukachovya. Mama! Mama mwenyewe! Nimelia mbele ya Zapryana, na yeye akalia, akaniambia kula, mwanangu, kula. Dada akaniachia chumvi yote iliyobaki. Akaniapisha nisiiguse ila kwa mkate. Nikaapa.

Wameondoka. Nimewaza sana. Kosa lilikuwa blanketi, jembamba mno. Sasa nimeweka mawili, juu yake koti la sufu la mama, na chumvi yote ya Nedyalka nimeimwaga ndani ya bakuli. Kesho nitampelekea dada gunia zima!