Akina Afua wa Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Nhyira amelamba nyonga za mke wa mchungaji sasa hivi. Niligeuka kutunga uzi tu. Kurudi, ulimi mweupe pee, na namba ukutani zimebaki nusu. Mwanangu mzuri, chaki si chakula. Nimempangusa kwa pindo la gauni langu, akacheka.

Ukuta wa kibanda ndio kumbukumbu yangu. Jina, simu, kifua, kiuno, nyonga. Haujawahi kuleta neno hapa Tafo.

Leo umeleta. Amekuja Mama Pokuaa, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Anataka fundi wa kushona magauni yao wote ya sherehe ya shukrani. Nikamwona Nhyira ndani ya sare ya chekechea. Mimi niliishia darasa la sita. Yeye hataishia hapo, na kazi hii ndiyo itakayomwingiza.

Kisha Mama Pokuaa akautazama ukuta. Binti yake yuko benki, amemweleza kuna sheria siku hizi: mwenye biashara akishika taarifa za mtu azifiche, asizianike bila ruhusa yake. Nikauliza, hata kibanda? Hata kibanda. Nisafishe ukuta, la sivyo kazi inavuka mtaro kwenda kwa Boatemaa.

Boatemaa ni fundi wa ng'ambo ya mtaro. Kanunua kabati lenye kufuli na kutundika kibao: MWILI WAKO, SIRI YETU. Sawa. Hiyo sheria haijakutana na mimi.

Jumanne, 4 Machi

Dawa nimeipata. Nimefuta majina na simu, nimeandika jina la siku ya kuzaliwa tu. Wa Ijumaa ni Afua, wa Jumapili ni Akosua, basi. Kumasi hii ina Afua wangapi? Hata polisi hamjui yupi ni yupi.

Mama Pokuaa kaja kukagua. Kasema kumbe una akili, mwanangu. Mchana huohuo nimewapima akina mama wote na kupokea vitambaa. Boatemaa akapaza sauti kutoka kwake: "We mama Nhyira, kabati utanunua lini?" Nikamjibu langu liko kichwani, na halihitaji kufuli. Kenkei aliyokuwa anakula ilimkwama kooni, niliona.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo dogo. Akina Afua ni watano.

Nimemkatia Afua mwembamba gauni kwa vipimo vya Afua mnene. Angeweza kukaribisha wageni humo ndani. Nimelipunguza ubavuni, limepona.

Lazima niwatofautishe. Majina hapana, sheria ni sheria. Nimeongeza alama tu. Afua Usingizi, anayelala mahubiri yakianza. Afua Wigi. Afua Mikopo. Afua Mabwana Wawili. Afua Mdomo. Ni mimi peke yangu ninayewajua.

Ijumaa, 7 Machi

Wamejuana.

Walikuja kujaribu magauni, wakayaacha, wakasoma ukuta. Halafu mmoja akauliza Afua Mdomo ni nani, na wote wakamgeukia Mama Pokuaa. Akachukua futi yangu, akajipima nyonga mbele yetu, akalinganisha na ukuta. Ikawa ndiyo.

Alisema nimetundika umbea na kuuita vipimo. Alisema bora hata nilipokuwa naandika majina. Akakusanya vitambaa, vilivyokatwa na visivyokatwa, akavuka mtaro na wenzake nyuma. Boatemaa alishafungua mlango. Afua Usingizi peke yake alibaki, ananinong'oneza: huyo Mabwana Wawili ni yupi?

Nimelia kidogo. Kwa hasira, si kwa majuto. Nhyira kanifuta machozi kwa mkono wenye chaki, sasa macho yanawasha. Chekechea imekwenda. Na kosa langu liko wapi? Mimi niliwaficha. Wamejitambua wenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Usiku kucha nimewaza, nimeliona kosa. Si ukuta, ni ruhusa. Si binti wa Mama Pokuaa mwenyewe alisema "bila ruhusa"? Basi nimeandika mlangoni kwa herufi kubwa: UKIINGIA UMEKUBALI. Ukuta unabaki.

Asubuhi Afua Usingizi karudi. Safari hii hajalala. Anataka kumjua Mabwana Wawili. Nikamwambia kwa heshima, dada yangu, siri za wateja hazitoki hapa, mimi nafuata sheria. Akauliza, na anayeuliza akiwa mteja? Nikasema, mteja ni jambo jingine.

Akaondoka mbio. Sasa namwona anarudi, kitambaa begani, na nyuma yake dada zake, kila mmoja na chake. Boatemaa amesimama mlangoni na ufunguo wake, anahesabu vichwa. Nhyira, mama, sare yako hiyo inakuja.

Jina sitalitaja, hilo waelewe. Nitawaambia mtaa tu, na rangi ya geti. Wakishindwa kabisa, kesho kanisani nitakaa nyuma yake, nikohoe kidogo ili wajue kwamba huyo hapo ndiye. Afua Usingizi ananiita, eti watu wamechoka kusimama na jua hili, na mmoja wao ameshasema anamjua bwana wa pili, kwa hiyo ngoja nikampime huyo kwanza.