Namba Iliyo Getini kwa Lengai

Jumatatu, 3 Februari

Simu tisa kabla ya chai ya saa nne. Zote zinauliza chumba. Sina chumba. Mimi mwenyewe nimepanga, hapa Lemara, Arusha, tangu tarehe mbili Januari.

Mpigaji wa tisa, mama mwenye sauti ya upole, ndiye aliyenifumbua macho. Namba yangu imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye geti la Mzee Lengai, Kimandolu, nilikopanga miaka kumi na tisa. CHUMBA KINAPAGISHWA. MAJI YAPO. HAKUNA FUJO. PIGA, halafu mimi. Nilimwomba anisomee herufi moja moja. Kweli, N ya pili haipo. Tangu nimfahamu, Lengai hajawahi kumaliza neno.

Ningezima simu. Siwezi. Ningebadilisha namba. Siwezi pia. Mwezi huu ukoo wetu huko Machame unakaa kugawa kihamba cha marehemu baba, shamba la migomba na kahawa nililoliacha nikiwa na miaka ishirini na minane. Sasa nina sabini na minne. Asiyefika wala kutuma mtu, sehemu yake wanapewa wengine. Siku ya kikao nitaambiwa na Abdiel, mtoto wa kaka yangu. Lakini simu ya Abdiel ilizama kwenye pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, siku ya Krismasi, na tangu hapo anaazima za watu, kila mara namba ngeni. Kwa hiyo kila namba nisiyoijua lazima niipokee. Huenda ni Abdiel. Huenda ni mtu anayetaka kujua kama choo ni cha ndani.

Nataka kuzeekea kwetu. Nimechelewa, lakini nataka.

Jumanne, 4 Februari

Nimemwandikia Lengai barua. Kurasa mbili, aya saba, lugha ya baridi. Nimeeleza madhara, nimetaja haki ya faragha, nimempa siku tatu kufuta. Katika aya ya nne nimetumia neno “bughudha” mahali pake hasa. Nimeipeleka kwa bodaboda.

Saa kumi akapiga. Alisema mkwewe amewasomea barua wote nyumbani, mara mbili, na hata mchunga ng'ombe alikaa chini kusikiliza. Tangu ajenge nyumba ile haijaingia karatasi nzuri namna hiyo. Ameiweka pamoja na hati ya kiwanja.

Nikamuuliza kuhusu namba. Akashangaa kwamba nauliza.

“Mwalimu, wewe maneno unayo. Mimi nina ng'ombe. Mtu akitaka kujua chumba, si bora ajibiwe na anayekijua?”

Mimi si mwalimu. Nilikuwa msahihishaji wa maandishi katika kiwanda cha uchapaji, miaka thelathini na moja. Kwa Lengai kila mwenye miwani ni mwalimu.

Simu za leo: kumi na nne. Abdiel: hakuna.

Alhamisi, 6 Februari

Mkakati mpya. Kusema ukweli. Nani atataka chumba akisikia ukweli?

Kwa wa kwanza nikasema kwaya ya usharika inafanya mazoezi ng'ambo ya ukuta, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na wana tarumbeta tatu. Akapiga kelele za furaha. Anaitwa Ruth, anaimba sauti ya pili, amehamia kutoka Monduli na anatafuta kwaya kuliko anavyotafuta chumba. Ameniita baba na kuniombea baraka.

Kwa wa pili nikasema mwenye nyumba huamka saa kumi na moja alfajiri na kuhesabu mbuzi kwa sauti, kwa Kimaasai, mmoja mmoja. Akasema basi hapo wezi hawaji.

Wa tatu alikuwa kijana wa Sokon I, mjuaji. Alikuwa amekwisha kwenda kukiona. Akasema kile si chumba, ni kabati, eti mtu akinyoosha miguu inatokea kwa jirani. Sijui kilichonipata. Nilimwambia mimi nimeishi humo miaka kumi na tisa na miguu yangu yote miwili. Nilimwambia kuna dirisha la kaskazini, na asubuhi za mwezi wa saba, mawingu yakishuka, Meru anabaki kichwa tu juu yake kama mzee aliyejifunika shuka. Nilimwambia kuna mlimao nilioupanda mwenyewe. Nilizungumza dakika kumi na moja. Mwishoni akasema sawa mzee, anakuja kukichukua.

Hii haikuwa shabaha.

Ijumaa, 7 Februari

Kuna kazi ambazo mtu hazifanyi kwa barua. Nimenunua kopo dogo la rangi nyekundu na brashi ya vidole viwili. Msahihishaji anajua siri hii: 3 ni 8 ambayo haijafungwa. Namba yangu inaishia na 3. Mipigo miwili ya brashi, nami niko huru.

Nilifika Kimandolu saa tisa mchana, saa ambayo Lengai huwa bondeni na ng'ombe. Njia tupu. Nikaifunga ile 3. Kazi safi. Ningeondoka hapo hapo, leo ningekuwa na habari nyingine ya kuandika. Lakini N ile haikuwepo, na brashi ilikuwa bado ina rangi. Mtu aliyesahihisha miaka thelathini na moja hawezi kuipita KINAPAGISHWA akiwa na brashi mkononi. Nikaanza kuibana N kati ya A na G.

Hapo akatokea Nashipae, anayeuza ndizi upande wa pili wa njia. Nimenunua ndizi zake tangu mtoto wake wa kwanza hajazaliwa. Akanisalimia kwanza, kwa heshima zote.

“Shikamoo Mwalimu. Na hiyo namba unayobadilisha ni ya nani?”

Nikaitikia marahaba. Swali la pili nikaanza kulieleza tangu mwanzo. Ndipo akaita watu.

Nilisahau jambo ambalo kila mtu mjini hapa analijua. Kwa nini nusu ya kuta za Arusha zimeandikwa NYUMBA HII HAIUZWI? Kwa sababu matapeli huweka namba yao kwenye nyumba ya mtu, wakapokea pesa, wakatoweka. Na tapeli mwenyewe mara nyingi ni nani? Mpangaji wa zamani. Nashipae aliwaeleza hayo watu kumi na wawili, kwa utaratibu, akinionyesha kwa mkungu. Mmoja akasema alikuwa akinihisi siku nyingi, maana mtu hawezi kusoma vile bila sababu.

Nikapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Koikai. Ni mtu nadhifu, ana kalamu tatu mfukoni. Brashi iliwekwa mezani kama kisu. Lengai akaitwa. Akafika na buti za mpira na fimbo, akasikiliza mashtaka yote, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema huyu si tapeli, ni mtu wangu, namba ile ni yake, mimi ndiye niliyemweka.

Bwana Koikai akasema mambo ya namna hii hutokea kwa kukosa kumbukumbu za maandishi. Akafungua daftari, akaandika: Msimamizi wa nyumba ya Mzee Lengai, na jina langu kamili, Elifuraha, na namba yangu. Akaniambia nitie sahihi. Nikakataa. Akaitazama brashi, akawatazama watu waliojaa mlangoni. Nikatia sahihi.

Nashipae alinisimamia mpaka nikairudisha 8 kuwa 3. N imebaki. Angalau hiyo.

Jumatatu, 10 Februari

Bwana Koikai ni mtu wa kazi. Sasa kila anayefika ofisini kwake kutafuta makazi anapewa namba ya msimamizi. Leo nimeulizwa nyumba nzima, fremu mbili za duka, ukumbi wa harusi, na banda la nguruwe. Simu thelathini na sita. Nimepokea zote nikisema Abdiel, Abdiel. Mwanamke mmoja akaniuliza kama nina homa.

Saa saba nimekwenda Sokon I kwa Naisula, binti anayesajili laini za simu kwenye kibanda chenye mwavuli. Nikamweleza shida yangu bila kutaja majina. Akaniambia dawa ipo: simu zote zinazokuja kwangu anaweza kuzihamishia kwenye namba nyingine. Zitalia huko, kwangu kimya. Akauliza nataka zihamie kwa nani.

Nikampa namba ya Lengai.

Naisula akauliza, kwa adabu, kama hakuna simu ninayoingoja. Vijana wa leo wanauliza sana. Nikamwambia abonyeze.

Jumatano, 12 Februari

Kimya! Jana kimya, leo kimya. Nimesoma kurasa mia moja na ishirini. Nimemwagilia maua ya mama mwenye nyumba. Nimesikia njiwa, jambo ambalo sikulisikia tangu Januari.

Namwona akilini Lengai bondeni, fimbo kwapani, akieleza urefu wa banda la nguruwe. Maneno sasa anayo.

Abdiel bado hajapiga. Watu wa kwetu siku zote wanachelewa.

Jumamosi, 15 Februari

Kimya cha siku ya tano. Abdiel hajapiga. Nimeanza kuchukia. Mtu anaachwa na ukoo wake kama kikombe kilichosahauliwa jikoni. Kila mara nachungulia simu kama ina chaji. Imejaa. Nimeandaa maneno makali ya kumwambia Abdiel atakapopiga.

Jumapili, 16 Februari

Naandika kabla sijavua nguo za ibada.

Ibadani, wakati wa matangazo, mchungaji alisema kuna mgeni mwenye neno. Akasimama Lengai. Suti ya kahawia, soksi nyeupe. Mkono wa kushoto ana furushi la majani ya migomba. Mkono wa kulia ana jani la isale.

Nilijua kabla hajafungua mdomo. Hapa karibu wote ni watu wa Kilimanjaro, nao walijua. Isale ndio mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Na mtu akikujia na jani lake mkononi kuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Hata kama amekuulia mtu wako, humkatalii.

Lengai alisema anamtafuta Mzee Elifuraha. Kwamba alijua anaishi Lemara ila hakujua nyumba. Kwamba Ijumaa jioni simu yake ililia, akidhani ni wa banda la nguruwe, kumbe ni Abdiel wa Machame, kwa simu ya msukuma mkokoteni: kikao ni kesho asubuhi, baba mdogo afike. Lengai akanipigia kunipa habari. Simu ikamjibu kwamba namba anayopiga inatumika. Akapiga mara saba. Mkwewe ndiye aliyegundua kwamba anajipigia mwenyewe.

Kanisa zima lilicheka. Mchungaji alijifuta macho.

Basi alfajiri ya jana akapanda basi akaenda mwenyewe. Wazee wa ukoo wangu walikuwa wameshaanza kuigawa sehemu yangu. Lengai, Mwarusha kati ya Wachaga, akaingia, akaketi kwenye nafasi yangu. Wakamuuliza yeye ni nani kwa Elifuraha. Akasema, naye alirudia mbele ya madhabahu:

“Nyumba yangu iko mkononi mwake. Sehemu yake iko mkononi mwangu.”

Wakanong'ona kwa Kichaga. Kisha wakamkubali kuwa mtu niliyemtuma. Sehemu yangu imebaki: juu ya mfereji, upande wa kahawa. Wakampa na nyama ya kidari, ile ya wakubwa, ndiyo iliyokuwa kwenye lile furushi. Mimi sijawahi kupewa kidari.

Ndipo akapita kati ya viti akaniletea jani. Wazee wa ukoo walimfundisha maana yake, akaona itafaa. Akaomba radhi kwa ile namba getini. Hakusema ataifuta. Watu mia tatu wananitazama. Nikalipokea jani.

Nje nilitaka kumshukuru. Nilikuwa na sentensi tatu nzuri. Nilimshika mkono tu, kwa muda mrefu, naye akaniuliza kama kwetu kuna nyasi za ng'ombe.

Akanipa na ujumbe wa wazee. Siku ya kupanda masale mpakani, wiki hii, lazima nifike mimi mwenyewe, mikono yangu udongoni. Safari hii hakuna wa kutumwa. Nisipotokea, wanaigawa. Abdiel atapiga kusema siku.

Jumatatu, 17 Februari

Naisula amenirudishia simu zangu asubuhi. Kufikia saa sita nilikuwa nimepokea ishirini na mbili. Nne za chumba cha Lengai, hizo nimezijibu vizuri, maana nimemsamehe. Kumi na nane zimetoka kwa Bwana Koikai. Mmoja anataka eneo la kufugia mbuni.

Nimeketi nikafikiri kwa utulivu, kama mtu mzima. Kosa langu liko wazi. Nilizihamishia simu kwa mfugaji, mtu asiye na daftari wala kalamu, anayeshinda bondeni. Kazi kama hii inataka mtu wa ofisi.

Saa nane nimerudi kwa Naisula. Aliniuliza lile swali lake tena, nami nikamwambia tena abonyeze. Sasa zote zinakwenda kwa Bwana Koikai. Kalamu tatu!

Kimya kimerudi. Nimeazima jembe kwa mama mwenye nyumba. Nimepakia begi: shati la kazi, sweta, miwani ya akiba. Simu iko mezani mbele yangu, chaji imejaa. Abdiel akipiga tu, naondoka.