Upara Kabla, Nywele Baada

Tapeli aliyeitwa Kofia aliiona riziki yake ikitoka kwa kinyozi saa nne asubuhi: mapacha wawili, sura moja, ila mmoja ana upara unaong'aa na mwenzake ana nywele za kufugia ndege. Aliwaamkia kwa heshima zote, akawaingiza studio ya jirani wakapigwa picha. Kufikia jioni bango lilikuwa limetundikwa kwenye kiduka alichopanga. Mwenye upara: KABLA. Mwenye nywele: BAADA. Chini yao: SIKU SABA TU. Ndani ya chupa za hiyo dawa ya nywele mlikuwa na mafuta ya kupikia yaliyotiwa manukato.

Angeuza siku sita. Ya saba angekuwa mji mwingine, akipeleka posa kwa wazazi wa mchumba wake, ambaye hajawahi kumwona bila kofia. Hapo sina haja ya kueleza zaidi.

Asubuhi ya kwanza watu walilitazama bango, wakajipapasa vichwa, wakapita. Kofia akaelewa kwamba picha huvuta jicho, lakini mguu huvutwa na foleni. Akamkodi fundi viatu wa pale kona, aje na ndugu zake wajipange mlangoni.

Fundi viatu alijua kazi. "Jamani, mke wangu alinifungia mlango, kadhani mgeni!" alipaza sauti, kainamisha kichwa ambacho tangu utotoni hakijawahi kupungukiwa unywele. "Shika, mama! Vuta, usiogope!"

Foleni ikakunja kona. Mwalimu mstaafu aliulizwa kinauzwa nini.

"Sijui," akajibu, akisogea mbele, "lakini watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga."

Siku ya tano Kofia alifunga mapema, akamvuta fundi viatu ndani.

"Kaka, ile habari ya mkeo..."

"Si ulinilipa niiseme?"

"Najua. Ila unaisema vizuri mno. Hakuna hata kaukweli kidogo?"

Fundi viatu akaitazama ile kofia, kisha mkoba wa mauzo, kisha kofia tena. Uso wake ukajaa huruma ya daktari.

"Kaka yangu, niliogopa tu kukwambia. Hapa kisogoni pameota kweli. Lakini dawa ina masharti: siku saba ndani, jua lisikuguse, na akili isisumbuliwe na pesa. Nikutunzie mkoba?"

Akautunza vizuri sana, ndani ya basi la alfajiri.

Siku ya saba wateja waliusukuma mlango ukafunguka. Kofia alikuwa mbele ya kioo, kichwa wazi, mafuta yakimchuruzika masikioni.

"Mwizi! Nywele zetu ziko wapi?"

"Taratibu, ndugu zangu! Mimi nina siku mbili tu tangu nianze!"

Mwalimu mstaafu akavaa miwani, akakikagua kile kichwa, akawageukia wenzake.

"Mwenye dawa mwenyewe anapaka. Basi sisi ndio tuliokosea kupaka." Akatoa pochi. "Baba, tuuzie nyingine."

Kofia aliitazama chupa ya mwisho mkononi mwake, akaikumbatia kifuani.

"Hii siuzi."