Jinsi Fundi Alivyoiteka Swichi ya Mama Chapa

Sogeeni, enyi wenye masikio, na wenye shughuli waziweke chini, kwa maana makuu kama haya hayasimuliwi kila siku. Hayatanenwa ya wafalme wala ya majeshi, bali ya Fundi wa Mitandao, simba wa waya, mshika bisibisi, aliyeingia peke yake katika chumba cha nyuma cha duka la uchapaji, penye joto na maboksi ya karatasi, akapigana na swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na printa, tangu asubuhi hata adhuhuri.

Siku hiyo duka lilikuwa limekufa ganzi. Kompyuta haiioni printa, printa haiijui kompyuta, na kaunta imejaa wateja wanaodai kadi na mabango yao. Mwenye duka, Mama Chapa, ambaye hata mashine ya kukatia karatasi humheshimu, alimpigia Fundi simu mwenyewe. Fundi ndiye aliyeifunga swichi ile mwezi uliopita. Ndiye pia aliyempenda binti wa Mama Chapa, mchora kadi wa duka, na posa yake, iliyopelekwa na mjomba wake, ilikuwa bado haijajibiwa.

Mama Chapa akasimama mlangoni, akanena: "Kijana, nisikilize. Marehemu mume wangu aliendesha duka hili kwa mashine moja ya mkono, na haikulala hata siku moja. Wewe umeniletea kisanduku cha taa, ukaniapia kitafanya kazi. Sasa niambie, mtu anayeshindwa na kisanduku, mwanangu nitampa ampeleke wapi?"

"Mama," Fundi akajibu, "nipe nafasi. Nikitoka humu bila mtandao, sitakusumbua tena kwa jambo lolote."

Kwenye meza ya kuchorea, binti akainamisha uso mbele ya kompyuta yake, asijue amwombee Fundi au amwombee mama.

Hapo vita vikaanza. Fundi akaizima swichi na kuiwasha, kama walivyofanya mafundi wote waliomtangulia duniani, nayo ikaamka na ukaidi uleule. Akaingia kwenye mipangilio yake. Ukurasa ukafunguka nusu, ukaganda. Akabadilisha waya wa printa, akabadilisha tundu, kisha akapiga magoti, bingwa yule, akatambaa chini ya meza katikati ya vumbi na vipande vya karatasi, akaufuata kila waya mpaka ukutani, na kila waya alioufuata ulikuwa mzima.

Akaketi sakafuni, akaitazama swichi usoni. Taa zake zilikuwa zikipepesa zote kwa pamoja, mbio mbio, ilhali swichi yenye akili timamu kila taa hupepesa kwa wakati wake. Ndipo akauona. Waya mfupi wa akiba, aliouacha yeye mwenyewe ukining'inia, sasa ulikuwa umechomekwa ncha zote mbili kwenye swichi ileile, ukakunjwa vizuri na kufungwa kwa utepe mwekundu wa kadi. Kila ujumbe ulitoka tundu hili ukarudi kwa lile, ukazunguka na kuzaana mpaka njia zikajaa na hakuna uliofika. Na katika duka lile, mwenye utepe mwekundu alikuwa mmoja tu: Shangazi wa kaunta, dada wa marehemu, ambaye hafungi duka jioni mpaka kila kinachoning'inia kipate mahali pake.

Fundi akauchomoa. Taa zikatulia. Kule mbele printa kubwa ikakohoa, ikameza karatasi, ikaanza kutoa kadi, na wateja wakashusha pumzi.

"Ilikuwa nini?" Mama Chapa akauliza.

Fundi akaeleza. Mama Chapa akautazama utepe. "Na nani alichomeka?"

Shangazi akaacha kufunga kadi, mkasi mkononi.

Hapa ndipo ushujaa ulipohitajika kweli, maana kutambaa chini ya meza hata kuku anaweza. Fundi alikuwa na jina la mtu mdomoni, na alikuwa na jambo jingine ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Akachagua.

"Mama, waya unaoning'inia huita mkono wa mtu yeyote nadhifu, na mkono huo hauna kosa. Swichi hii ina kinga ya kuzuia mzunguko wa namna hii. Niliizima mimi, siku ya kuifunga, ili mitambo iwake upesi mbele yako unione hodari. Kosa ni langu. Nairudisha sasa hivi."

Kisha Shangazi akakata utepe wake, akasema bila kumtazama mtu, "Wifi, huyu hajifichi nyuma ya mwenzake."

Mama Chapa akamtazama Fundi, magoti yamejaa vumbi, shati limelowa.

"Mjomba wako," akasema, "ana nafasi Jumapili?"

Basi vizazi vikumbuke ya kuwa siku hiyo swichi ya duka la uchapaji ilisalimu amri, printa zikasemezana na kompyuta, na mshindi wa vita hivyo, akiwa angali sakafuni, akajibu, "Anayo, Mama," kabla hajamuuliza mjomba mwenyewe.