Marehemu Aliye Kabatini Mwenu

Etterbeek, Brussels
Jumatatu, tarehe 14

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Magofu ya Ngome,

Pokea heshima zangu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kifaransa changu kikikasirika hukosa adabu. Binti yangu Anaïs ataitafsiri barua hii, na nimemwonya asipunguze neno.

Jumapili, tarehe sita, tulizuru ngome yako: mimi, mke wangu Émérance, na mama mkwe wangu, Maman Thérèse, aliyekuja kututembelea kutoka Lubumbashi. Kwamba ngome haina paa, hatulalamiki. Tunalalamikia haya:

1. Mademoiselle Graciella, anayetembeza wageni, alitueleza kwa tabasamu kwamba katika karne ya kumi na nne bwana wa ngome alimfungia mdogo wake mnarani kwa ajili ya urithi, hata akafa. Maman Thérèse akauliza alizikwa wapi. Akajibiwa kwamba mifupa ilifukuliwa, na sasa imo sandukuni, katika kabati la ofisi yenu. Mama mkwe akaketi palepale juu ya jiwe, akasema, "Mutoto ya watu hawezi kulala mu kabati. Matanga yake ilifanyika lini?" Graciella alitafuta katika karatasi zake. Hakuona kitu.

2. Kwa kuwa mlinzi alitaka kufunga geti, matanga yalihamia kwangu, ghorofa ya tatu. Leo ni siku ya tisa. Kina mama wa kanisa wameleta viti na masufuria. Kochi langu liko kwenye ngazi.

3. Mwenye nyumba alipanda kuuliza nani amefariki. Nikamwambia ni kijana mmoja wa karne ya kumi na nne. Alinipa pole, akashuka polepole.

4. Niliomba ruhusa ya msiba kazini. Fomu inauliza uhusiano wangu na marehemu. Maman Thérèse anasema mtu uliyemlilia siku tatu ni ndugu yako, nami nikaandika hivyo. Bon, Alhamisi nimeitwa kujieleza.

5. Jana mama mkwe aliamua kwamba ukoo wa muuaji utafutwe, uje sebuleni kwangu uombe msamaha mbele ya wazee. Mchungaji wetu, Éliézer, amepata majina kumi na saba kwenye intaneti. Barua za mwaliko ziko tayari. Nimezikalia.

Donc, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu mumzike marehemu Jumamosi hii, kwa jeneza na padri. Maman Thérèse atie udongo kiganja kimoja, nami nirudishiwe sebule yangu. Walikosana watu wa mnarani. Sioni kwa nini kochi langu liadhibiwe.

Nisalimie walinzi wote, na Graciella pia, ambaye amekuja kulia nasi mara mbili na ana sauti nzuri ya nyimbo.

Ni mimi, mfiwa kwa kulazimishwa,
Donatien Kabwe

Nyongeza: Tafadhali msiharakishe. Mdogo wangu Ghislain anakaa mtaa wa Forest, hapahapa Brussels, na hatujasemezana miaka minne kwa sababu ya nyumba aliyotuachia baba. Leo mchana alisikia kwamba kwangu kuna matanga, akaja mbio akidhani nimekufa mimi. Alinikuta jikoni namenya vitunguu. Akanitukana, akalia, akavuta kiti. Sasa hivi ameniuliza matanga yanakwisha lini, nami nimemwambia bado sana. Mwekeni marehemu hapo alipo mpaka Pasaka.